Kapasita za redio ya valvu: uziamshe, ubadilishe au ujaze kopo?

Wiki hii nina redio tatu mezani na zote zinaugua ugonjwa mmoja. Ya kwanza ni Philips ya mbao ya mama mmoja wa Kaloleni. Imekaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, tangu mumewe afariki. Ya pili ni Bush DAC90A ya bakelaiti niliyoiokoa soko la Gikomba, hapa Nairobi, katikati ya pasi za mkaa na vyerehani vilivyokufa. Ya tatu ni Eddystone ya mzee mmoja wa Karen anayekusanya redio jinsi wengine wanavyofuga mbwa wa mbegu. Huyo aliniachia redio yake kwa onyo: asione hata skrubu moja ngeni.

Zote tatu zinavuma. Ukisogeza sikio unausikia mvumo ule mzito, kama nyuki waliochokozwa mzingani, na hata ukishusha sauti hadi mwisho hauondoki. Fundi wa valvu, zile taa za kioo zilizofanya kazi ya transista za leo, akisikia hivyo hatafuti mchawi. Ni kapasita kubwa za upande wa umeme, zile zinazohifadhi umeme na kulainisha mawimbi yake kabla haujafika kwenye valvu.

Swali linalofuata huulizwa na karibu kila aliyerithi redio ya babu: nizifanyeje? Nitaziweka njia ninazozitumia zitazamane, na nitasema bila kuzunguka ipi naipendelea. Lakini tuelewane kwanza kilichoharibika, maana wengi huchagua dawa kabla ya kujua ugonjwa.

Kukauka na kulala ni mambo mawili

Ndani ya kopo lile la alumini lililosimama juu ya chasisi, bamba la chuma linalobeba vifaa vya redio, mna karatasi za alumini zilizoviringwa kama mkeka, na katikati yake karatasi iliyoloweshwa maji ya dawa, elektroliti. Juu ya alumini pana ngozi ya oksidi, nyembamba kuliko ganda la kitunguu, na ngozi hiyo ndiyo inayozuia volti 300 zisipenye. Huzaliwa kwa umeme wenyewe, na umeme ndio unaoitunza.

Redio ikikaa miaka 20 juu ya kabati bila kuwashwa, ngozi hiyo hudhoofika. Siku utakapoiwasha ghafla, umeme utavuja, kopo litapata moto, maji ndani yatachemka, na kama huna bahati litapasuka na kukumwagia uji unaonuka hadi kwenye mapazia. Huku ndiko kulala.

Kukauka ni jambo jingine. Maji ya dawa hutoroka polepole kupitia mpira wa mdomo wa kopo, mwaka baada ya mwaka, redio ikitumika au isitumike. Kapasita iliyoandikwa maikrofaradi 50, kipimo cha uwezo wake wa kuhifadhi umeme, inabaki na 10, kisha 5. Ile ya Philips ya mama niliipima ikatoa 6.

Uone maana ya hiyo 6. Redio yenye EL84, valvu ya mwisho inayoendesha spika, hula kama miliampia 70. Umeme wetu ni wa Hz 50, na rektifaya, kifaa kinachogeuza umeme wa mawimbi kuwa mnyoofu, ikikamata pande zote mbili za wimbi hujaza kapasita mara 100 kwa sekunde. Kwa maikrofaradi 50, volti za kapasita ya kwanza hupanda na kushuka kwa kama volti 14, na kapasita ya pili husafisha zilizobaki. Kwa maikrofaradi 6, mawimbi hayo yanakaribia volti 117 kwa hesabu ya karatasi. Hakuna kapasita ya pili itakayosafisha uchafu huo. Huo ndio mvumo.

Aliyelala huweza kuamshwa. Aliyekauka hana dawa. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Kuamsha

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na kibanda cha ngazi ya juu River Road, na hadi anastaafu hakuitupa kapasita yoyote kabla ya kuijaribu. Alisema mtu aliyelala siku nyingi humwamshi kwa maji baridi. Aliitenga kapasita na redio, akaiunganisha na umeme mnyoofu kupitia rezista ya kiloomu 100 ya wati 2, akaanza na volti 50, akanywa chai, akapandisha hadi 100, akaenda kuswali, akapandisha tena. Mita ya miliampia ilikaa kwenye njia hiyo muda wote. Uvujaji ukishuka na kutulia, ngozi imejengeka. Ukigoma kushuka, au kopo likipata joto mkononi, basi.

Ina mazuri yake. Haigharimu kitu, haigusi sura ya redio, na inakuambia ukweli kuhusu kapasita. Mimi naitumia hadi leo, ila kama kipimo tu. Baada ya saa kadhaa kwenye volti zake kamili, kapasita inayovuja zaidi ya miliampia 2 siirudishi. Hata isiyovuja naipima uwezo, maana kuamsha hujenga oksidi lakini hakurudishi maji yaliyotoroka. Kapasita ya maikrofaradi 6 ukiiamsha unapata kapasita ya maikrofaradi 6 iliyo macho.

Wapo wanaofanya kazi hii redio ikiwa nzima, kwa transfoma ya kuzungusha, wakipandisha umeme wa ukutani polepole. Kwenye redio yenye rektifaya ya valvu, hila hiyo inadanganya. Valvu hiyo haipitishi kitu mpaka nyuzi zake zipate moto wa kutosha. Kwa hiyo unapandisha, unapandisha, kapasita haipati chochote, halafu valvu inaamka na kapasita inapigwa na mamia ya volti kwa mkupuo. Umeamsha kwa maji baridi bila kujua.

Nampa mzee wangu heshima zake zote. Lakini alifanya kazi wakati kapasita hizo zilikuwa na umri wa miaka 15. Leo redio iliyotangaza Uhuru wa Desemba 12, 1963 sebuleni kwa mtu imepita miaka 60, na kapasita zake nazo vilevile.

Mpya chini ya chasisi, kopo libaki juu

Hii ndiyo niliyoichagua kwa Philips ya mama, na ndiyo ningeichagua kwa redio nane kati ya kumi. Unakata nyaya zote zinazofika kwenye kopo la zamani, unaliacha lisimame mahali pake kama mzee wa boma asiye na kazi, halafu chini ya chasisi unafunga ukanda mdogo wenye vishikizo vya kulehemia na kupanga kapasita mpya hapo. Kwa nje redio ni ileile. Anayekuja kuifungua baada yako anaona kila kitu, anafuata nyaya bila kukisia.

Kapasita za leo ni ndogo kiasi cha kuchekesha. Kopo la maikrofaradi 50 mara mbili linajaa kiganja. Mpya mbili za 47 zinakaa kwenye kisanduku cha kiberiti na nafasi kidogo inabaki.

Namba za zamani hutazipata dukani. Penye 8 weka 10, penye 16 au 20 weka 22, penye 32 weka 33, penye 50 weka 47. Usiumize kichwa kwa tofauti hiyo, kwa sababu hata zilipokuwa mpya zile za zamani ziliruhusiwa kupotoka kuliko hapo. Linaloumiza kichwa ni volti. Redio inaweza kufanya kazi kwa volti 250, lakini dakika ya kwanza, kabla valvu zote hazijaanza kula, volti hupanda hadi kilele. Transfoma ya volti 250 kila upande hutoa kilele cha kama 353. Ya volti 300 hutoa 424. Kwa hiyo nunua za volti 450 na ufunge mjadala. Muuzaji akikuambia ya 400 ni sawa tu, boss, mwache aiweke kwenye redio yake.

Na joto: chukua zilizoandikwa 105°C, usichukue za 85. Kila nyuzi 10 unazoshusha chini ya kiwango hicho, umri wa kapasita hukaribia kuongezeka maradufu. Iliyoahidiwa saa 2,000 kwenye nyuzi 105, ukiiweka mahali penye nyuzi 45 inafika saa 128,000 kwa hesabu ya karatasi. Ukisikiliza saa 3 kwa siku hiyo ni zaidi ya karne, na mpira wa mdomo utaoza kabla. Hewa ya Nairobi ni rafiki wa redio kuliko ya Mombasa, lakini hiyo haikupi ruhusa ya kuiegemeza kapasita kwenye rezista kubwa ya kauri inayochemka.

Sasa Luthuli Avenue. Kila kitu cha elektroniki kipo pale, na uongo upo pia. Mwaka juzi nilinunua kapasita nne kubwa zilizoandikwa maikrofaradi 100, volti 450, kwa bei ya chai na mandazi. Moja ilikuwa nyepesi mkononi kuliko wenzake. Nikaipasua kwa koleo: ndani ya kopo kubwa mlikuwa na kopo dogo, limefungwa kwa kipande cha plastiki lisicheze, na dogo hilo lilikuwa na maandishi yake, 22. Tangu siku hiyo naenda na mita mfukoni. Muuzaji mwaminifu hakasiriki ukipima mbele yake. Kapasita ya volti 450 iliyo nyembamba kama kidole cha mtoto huku ikidai maikrofaradi 100 usiinunue hata ukipewa na soda.

Makosa matatu hurudi mezani kwangu kutoka kwa mafundi wengine, na yote yako kwenye njia hii.

La kwanza ni kuibandika mpya sambamba na ya zamani bila kuitoa ya zamani. Mvumo unapungua, mteja anafurahi, na ile ya zamani inaendelea kuvuja na kupata moto mpaka siku inapopasuka au kuua transfoma. Ya zamani ikatwe kabisa, pande zote.

La pili ni kudhani kwamba hasi ya kopo ni chasisi. Tazama chini ya kopo. Ukiona limekaa juu ya karatasi ngumu ya kahawia, au limevalishwa bomba la karatasi, kuna sababu. Kwenye redio nyingi za namna hiyo, hasi ya kopo hupitia rezista kabla ya kufika chasisi, na volti chache zinazopatikana hapo ndizo zinazolisha gridi ya valvu ya mwisho, ule waya wa ndani unaodhibiti umeme unaopita, ili valvu isiungue. Ukiipeleka hasi ya kapasita mpya moja kwa moja kwenye chasisi, umerudisha mvumo kwa mlango mwingine. Rudisha hasi palepale ilipokuwa.

La tatu ni tamaa. Mtu anasikia 50 imetuliza mvumo, anafikiri 220 itautuliza zaidi. Rektifaya ya valvu ina kiwango chake: EZ80 na EZ81 zinaruhusiwa maikrofaradi 50 tu kwenye kapasita ya kwanza, GZ34 inaruhusiwa 60. Kapasita kubwa kupita hapo hunywa umeme kwa kishindo kila inapojazwa, na valvu ndiyo inayolipa. Kama lazima uongeze, ongeza ile ya pili, iliyoko nyuma ya rezista au koili. Hapo kuna wa kupunguza kishindo.

Kujaza kopo

Mzee wa Karen hakutaka kusikia habari za ukanda na kapasita ngeni chini ya chasisi. Kwake mimi ni kama daktari wa meno: kazi ifanyike, isionekane.

Kujaza kopo ni kulitoa la zamani, kulifungua, kutoa utumbo, kuweka kapasita mpya ndogo ndani, na kulifunga tena. Inasikika rahisi. Mimi huzungushia kopo mkanda wa karatasi, sentimita moja hivi juu ya mkunjo wa chini, ili niwe na mstari wa kufuata, kisha naanza na msumeno wa meno madogo sana nikizungusha kopo badala ya kusukuma msumeno. Ukikata kwa haraka alumini hupinda, na alumini iliyopinda hairudi. Kopo likifunguka, utumbo hung'ang'ania kwa lami. Nilitumia bunduki ya hewa moto na nusu saa ya uvumilivu, dirisha likiwa wazi na glavu mkononi, kwa sababu maji yale ya dawa si ya kugusa wala kunusa. Ulipotoka, mviringo wote ulikuja pamoja, mweusi na mkavu kama biltong.

Baada ya hapo unatoboa matundu madogo kwenye bamba la chini kando ya vishikizo vya asili, unapitisha miguu ya kapasita mpya, unailehemu nje kwenye vishikizo vilevile, unafunika kwa mpira unaobana ukipashwa moto, na kurudisha kofia ya juu kwa ukanda wa ndani na gundi. Ukichora mstari wa rangi ya fedha kwenye mshono, wenye macho ya kawaida hawaoni kitu.

Ilinichukua siku nzima kwa kopo moja, wakati Philips ya mama ilichukua saa moja na nusu. Umeme haujui tofauti: kapasita ni zilezile, maisha ni yaleyale, pengine mafupi kidogo kwa kuwa zimefungiwa ndani ya kopo lisilo na hewa. Unacholipia ni sura. Kwa redio adimu, ya makumbusho, au ya mtu anayejua atamuuzia nani, inastahili. Kwa redio ya kusikilizia taarifa ya habari ni kumvalisha punda suti.

Na kuna hasara isiyosemwa sana. Fundi ajaye atakuta kopo lenye maandishi ya miaka ya 1950 na ataamini ni la miaka ya 1950. Atalikata atoe kapasita nzima. Mimi huandika tarehe na namba kwa penseli ndani ya ukuta wa chasisi, mahali ambapo mzee wa Karen hafiki na miwani yake.

Kopo jipya la kuagiza

Bado yanatengenezwa. JJ wa Slovakia na F&T wa Ujerumani wanauza makopo ya 32 mara mbili na 50 mara mbili ya volti 500, hasa kwa ajili ya vikuza sauti vya gitaa. Ukiwa na tundu la kipenyo hicho kwenye chasisi, kazi ni ya dakika 40 na inapendeza macho. Lakini hapa Nairobi hakuna duka nililowahi kuliona nalo rafuni; unaagiza, unasubiri, unalipa usafiri na ushuru na VAT ya asilimia 16 juu yake, na mwisho kopo moja limekaribia bei ya mbuzi. Vipenyo pia havilingani kila mara na vya Waingereza wa zamani. Nimeagiza mara mbili tu, zote kwa vikuza sauti.

Ya pampu ya maji

Hii wengi hucheka nikiitaja. Nenda duka lolote la pampu Kirinyaga Road uombe kapasita ya kuendeshea mota, ya maikrofaradi 20 au 25, volti 450. Utapewa kopo la plastiki jeupe, kubwa kama kopo dogo la nyanya. Ndani hamna maji ya dawa hata tone. Ni plastiki ya polipropilini iliyopakwa metali. Haikauki. Haina chanya wala hasi, kwa hiyo huwezi kuifunga kinyume. Na zile volti 450 ni za umeme wa mawimbi, ambao kilele chake ni 636, kwa hiyo volti 300 na kitu za redio yako kwake ni kazi nyepesi.

Ukilinganisha na ya elektroliti, hii itakuzika. Shida ni nafasi: chini ya chasisi ya Bush haiingii hata kwa kusali. Kwenye redio kubwa ya sakafuni, ile yenye mlango wa santuri, unazifunga mbili ubavuni mwa sanduku na hutazigusa tena. Umeme nao hukaa ndani yake muda mrefu baada ya kuzima, kwa kuwa haivuji, kwa hivyo lehemu rezista ya kiloomu 220, wati 2, sambamba nayo iumalize polepole. Vishikizo vyake viko wazi, vifunike.

Tahadhari mbili. Hakikisha ni ya kuendeshea mota, sio ya kuwashia. Ya kuwashia, nyeusi mara nyingi, yenye namba kubwa kama 150, ni ya elektroliti na imeundwa kufanya kazi kwa sekunde chache. Na usichukue kopo la chuma la zamani lenye mafuta kutoka kwa wauza vyuma chakavu. Mengi ya kabla ya miaka ya 1980 yalijazwa mafuta ya PCB, na hayo ni sumu.

Za kung'oa kwenye televisheni iliyokufa? Nimefanya nilipokuwa sina hela. Umri wake hujui na joto lililoipata hujui. Kapasita mpya ni bei ya sahani ya githeri. Nunua.

Kabla ya kuchagua, itazame chasisi

Bush yangu ya Gikomba ilibadilisha hesabu yote, na nina sababu ya kuiweka mwisho. DAC90A haina transfoma ya umeme. Valvu zake, UCH42, UF41, UBC41, UL41 na UY41, nyuzi zake zimepangwa mfululizo moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani, na chasisi imeshikana na waya mmoja wa ukuta huo. Plagi ikiwa imefungwa kinyume, chasisi nzima ni volti 240. Vitufe vya kuzungusha vyenye skrubu ndogo ya chuma iliyochomoza vimewahi kunirusha.

Redio kama hiyo hukamata upande mmoja tu wa wimbi, kwa hiyo kapasita hujazwa mara 50 kwa sekunde na kwa kapasita na mzigo uleule mawimbi yake ni maradufu ya yale ya Philips. Hii haivumilii kapasita iliyochoka, na kuamsha ni kupoteza muda. Kopo la kujaza nalo silipendi hapa: ukiponyokwa na waya mmoja ndani ya kopo, unalo kopo lenye umeme mahali ambapo mtu ataweka kidole. Mpya, chini, zimefunikwa, mbali na chuma cha nje. Na kazi ya mezani ifanywe kupitia transfoma ya kutenganisha, ile inayotoa volti zilezile bila kuunganishwa na waya wa ukuta, au isifanywe.

Kwa redio yoyote, umeme wa ndani uutoe kabla ya kushika. Bisibisi inayopiga cheche inafurahisha watoto lakini inachoma vishikizo. Rezista ya kiloomu 10, wati 5, yenye vibanio, mkono mmoja mfukoni, kisha mita ithibitishe sifuri.

Kabla ya kuiwasha mara ya kwanza naipitisha kwenye balbu ya wati 60 iliyofungwa mfululizo. Iwe ya waya, LED haifai. Ikimulika kidogo kisha kufifia, salama. Ikibaki inawaka kwa nguvu zote, chomoa na urudi mezani. Tazama pia kichaguzi cha volti mgongoni: redio nyingi za Ulaya zilifika zikiwa kwenye 220. Kwa umeme wetu wa 240 hiyo ni asilimia 9 zaidi kwenye kila valvu na kila kapasita uliyonunua. Ipeleke kwenye 240 au 245 kama ipo.

Na ukiwa ndani, badilisha kapasita ile ndogo ya karatasi inayopeleka sauti kwenye gridi ya valvu ya mwisho, hata kama hukuambiwa. Ikivuja, inaipa gridi chanya, valvu inakula umeme kupita kiasi, transfoma ya spika inaungua, na hakuna anayekuuzia nyingine Luthuli. Weka ya plastiki ya volti 630. Nimeona redio zilizopewa kapasita za umeme mpya zikafa kwa hiyo moja, kwa sababu volti za juu zilirudi zikaikuta dhaifu.

Hivyo basi: Eddystone imejazwa kopo na mzee ameikagua kwa tochi, akakosa la kusema. Bush imepata mbili za maikrofaradi 33 chini na plagi yenye waya sahihi. Philips imepata za 47, kopo lake la asili limesimama juu likiwa tupu kikazi.

Mama alikuja Jumamosi na mjukuu wa kumbebea. Nikaiwasha, tukasubiri jicho la kijani lifunguke, nikaisogeza hadi 92.9, Radio Taifa. Sauti ikatoka nzito na safi. Alisikiliza kidogo, akainamisha kichwa kwenye kitambaa cha spika.

"Fundi, mbona haivumi?"

"Nimeitengeneza, mama."

"Yetu ilikuwa inavuma," akasema. "Baba Kamau alikuwa akiipiga ubavuni hivi." Akaipiga kofi, kidogo, na akamwambia mjukuu aibebe kwa uangalifu.